Vitamini C na homa ya mafua: yale niliyowaambia kina mama pale Kisauni

Wengi hamkuweza kuja Jumamosi kwa sababu ya ile mvua na mumeniomba niyaandike yote, basi haya hapa vile nilivyoyasema, nimeacha tu yale ya kutambulishana na ya kupitisha chai.

Assalam alaikum, na wale wa Bwana asifiwe nanyi nawasalimu, hamjambo nyote. Mama zangu mlio mbele, dada zangu, na nyinyi wazee wawili mliokaa pale mlangoni, sogeeni kidogo ndani manake pale mwanyeshewa.

Nina swali kabla sijaanza, na mnyoshe mikono kwa ukweli. Nani humu ana tembe za vitamini C nyumbani kwake saa hii? ... Haya, shusheni. Hao ni zaidi ya nusu. Na nani wiki hii amempa mtoto tembe ile kwa sababu kusi imeanza na mtaa mzima wapiga chafya? ... Mwaona.

Mimi mwanijua, nimefanya kazi duka la dawa miaka 14. Kwa miaka hiyo sijui ni mara ngapi mtu ameingia na pua imeziba akaniambia nipe za vitamini C nisishikwe zaidi, nami nikampa. Na duka moja nililoanzia kazi, mwenye duka alikuwa ametuambia wazi, kila mwenye homa asitoke bila vitamini C, hata kama hakuuliza, muongezee kwa dawa zake. Nami nlikuwa msichana, nataka kazi, nkafanya. Kwa hivo leo nataka kuwaambia yale ambayo nilipaswa kuwaambia watu wale kaunta. Je, vitamini C yazuia homa ya mafua, hii ya kawaida ya pua na chafya, si ile influenza? Yazuia au haizuii?

Kwanza kabisa sikilizeni, asije mtu akatoka hapa akasema yule dada amesema vitamini C ni uongo. Si uongo! Mwili wa binadamu hauwezi kukaa bila hiyo. Mbuzi wako pale nyuma ya nyumba, yule anayekula karatasi na maganda, yeye aitengeneza mwenyewe ndani ya ini lake, haombi mtu. Sisi hatuwezi, sisi lazima tuile. Tusipoila miezi kadhaa twapata kiseyeye, fizi zavimba, zatoka damu, meno yalegea, vidonda vya zamani vyafunguka tena, na mtu afa.

Na kiseyeye hiki kina historia hapa hapa kwetu. Mwezi wa nne mwaka 1498, kabla hata Ngomeni, ile Fort Jesus, haijajengwa, Vasco da Gama alifika Mombasa na meli zake na mabaharia wake wagonjwa. Mfalme wa Mombasa wakati ule akawapelekea kondoo, na machungwa mengi, na malimau, na miwa. Na wao wenyewe katika kumbukumbu zao za safari waliandika kwamba walipofika huu mji wagonjwa wao wote wakapona, wakasema ni kwa sababu hali ya hewa ya hapa ni nzuri. Hali ya hewa! Mama zangu, ilikuwa ni yale machungwa. Waliyala na hawakujua ndiyo yaliyowaponya. Wakenda zao India, na kurudi wakavuka bahari miezi mitatu bila tunda, watu 30 wakafa njiani kwa kiseyeye, na walipotia nanga Malindi Januari 1499 akatumwa mtu pwani alete machungwa, wagonjwa wayalilia. Zile meli zilibaki na watu saba wanane wenye nguvu kila moja, mpaka meli moja wakaichoma moto kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Kwa hivo chungwa na ndimu ni dawa ya nini? Ya kiseyeye. Hilo lilipimwa zamani, mwaka 1747, daktari wa meli ya Uingereza, James Lind, Mskoti, aliwachukua mabaharia 12 wagonjwa akawagawa wawili wawili, hawa siki, hawa maji ya bahari, hawa machungwa mawili na limau moja kila siku, na wengine vitu vingine, na wale wa machungwa ndio walioinuka kwa siku chache. Nataka mlishike hili la kugawa watu na kulinganisha, manake ntalirudia.

Sasa basi, ilitokaje kwenye kiseyeye ikaingia kwenye mafua? Nani alitwambia?

Alitwambia mtu mkubwa sana. Linus Pauling, Mmarekani, mwanakemia, alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1954 halafu akapewa ya amani ya mwaka 1962 kwa kupinga majaribio ya mabomu ya nyuklia, na hakuna mtu mwingine duniani aliyepewa Nobel mbili peke yake bila kugawana na mtu. Mimi namheshimu na nataka nanyi mumheshimu. Mwaka 1970 akatoa kitabu kusema mtu akinywa gramu moja ya vitamini C kila siku au zaidi, homa ya mafua itampungukia sana. Gramu moja ni kama machungwa 14 hivi kwa siku. Watu wakamiminika madukani, na mpaka leo miaka zaidi ya 50 baadaye mama wa Kisauni anunua tembe kwa sababu ya kitabu ambacho hajawahi kukiona.

Na Pauling alitegemea nini? Hapa ndipo pazuri, nisikilizeni. Alikuwa na tafiti chache mkononi, na ile aliyoipenda zaidi ilifanywa Uswizi, ikachapishwa mwaka 1961. Watoto 279 walikuwa kambini milimani kwenye theluji, wacheza mchezo wa kuteleza kwa mbao. Nusu wakapewa gramu moja ya vitamini C kila siku, nusu wakapewa tembe bandia zinazofanana na zile lakini ndani hamna dawa. Waliopewa vitamini C wakapata homa kidogo, karibu nusu ya wenzao. Na utafiti ule haukuwa wa uongo. Lakini ni watoto gani? Watoto wanaofanya mazoezi makali kutwa kwenye baridi kali ya theluji! Pauling akachukua jibu la watoto wale akalivisha dunia nzima, mpaka mimi na wewe tunaokaa kwenye jua la Kongowea.

Nguo ya mtu mmoja yaweza kutosha watu wote? Haiwezi.

Basi baada ya kitabu kile, wanasayansi wakaanza kupima kwa watu wengi, kwa vile nilivyowaambia, wagawe, hawa za kweli, hawa bandia, na wenyewe wasijue wamepewa zipi. Canada, Toronto, walipima watu 818 mwaka 1972. Wengine wakapima kwingine. Na mwaka 2013 watafiti wawili, Harri Hemilä wa Finland na Elizabeth Chalker wa Australia, wakazikusanya zote chini ya Cochrane, hao ni watu kazi yao ni kupitia tafiti moja moja na kuzijumlisha. Wakapata ulinganisho 29, watu 11,306 kwa jumla. Watu elfu kumi na moja na zaidi, si jirani yangu aliniambia.

Na walipata nini? Kwa watu wa kawaida, wanaokwenda kazini na kurudi, wanaokaa ofisini, wanaokwenda shule, kama wale wa tembe bandia walipata homa 100, wale wa vitamini C ya kila siku walipata 97. Tisini na saba! Niwaulize, hiyo ni kinga? Ukienda kununua neti, muuzaji akakwambia kati ya mbu 100 hii yazuia watatu, utainunua?

Lakini kuna kundi moja, watu 598, tafiti tano, hao vitamini C iliwapunguzia homa nusu kwa nusu. Kina nani? Wale wa theluji, wanajeshi mazoezini kwenye baridi kali, na wakimbiaji wa mbio ndefu, mfano wale wa Afrika Kusini wanaokimbia kilomita 90 kwa siku moja. Mwaona ile ya Uswizi ilivyokaa mahali pake? Pauling aliona kitu cha kweli, alikosea ni cha nani. Kijana wako akiwa anajiandaa na marathoni hiyo yamhusu, mama unayepanda tuktuk kwenda sokoni haikuhusu.

Haya, kuna dada hapa ameniambia kabla hatujaanza, mimi yanisaidia, najua mwilini mwangu. Dada yangu sikukatalii ati hukupona. Ulipona. Lakini homa ya mafua hupona yenyewe siku saba mpaka kumi hivi, wengi wetu tembe twaikumbuka siku ya tatu wakati tumeshalemewa, ya tano twaanza kupata nafuu, ya saba twasema alhamdulillahi tembe imefanya kazi. Jogoo liwike lisiwike kutakucha. Na walipopima watu waliosubiri mpaka dalili zianze ndio wakanywa, hawakupata faida ya kutegemewa, si kwa siku za kuugua wala kwa ukali wake. Na hivo ndivo karibu sote tunavyoinywa!

Kuna faida moja ndogo nitawaambia kwa haki. Wale walioinywa kila siku, kila siku, hata wakiwa wazima, walipopata homa iliisha mapema kidogo. Wakubwa asilimia 8, watoto asilimia 14. Tuipige hesabu pamoja. Homa ya siku saba, asilimia 8 yake ni saa 13 hivi, yaani nusu siku. Kwa mtoto ni siku moja. Mtu mzima hupata homa mara mbili au tatu kwa mwaka. Kwa hivo mwaka mzima umekunywa tembe 365 upate siku moja, au siku moja na nusu, ya pua kavu. Mwenye pesa yake na anataka, si haramu. Lakini wewe unayeniambia karo ya muhula imekushinda, kweli hiyo ndiyo pesa ya kutoa?

Na nafsi zetu mnazijua zilivyo. Mwaka 1975 huko Marekani walitoa matokeo ya utafiti waliowafanyia wafanyakazi wao wenyewe wa taasisi kuu ya afya ya serikali, zaidi ya watu 300, hawa kapsuli za vitamini C, hawa za sukari ya maziwa. Watu wakazifungua wakaonja. Vitamini C ni chachu, sukari ni tamu, wakajua! Na walipokuja kuhesabu, faida yote ikaonekana kwa wale waliobahatisha wamepewa nini, na wale ambao hawakujua hakukuwa na tofauti. Hao ni watu wa afya, wanaojua utafiti ni nini. Sembuse sisi ambao tembe twaiona kwa rangi yake, yanukia machungwa, na imetoka kwa mkono wa mtu aliyevaa koti jeupe.

Sasa mtu ataniambia, haya, haizuii, lakini haina madhara, kwani kuna shida gani nikimpa mtoto?

Ndio nije kwenye lile lililonileta hapa.

Ilikuwa mwezi wa saba, saa tisa mchana, kusi yavuma mpaka pazia la duka lapiga ukutani. Akaingia mama mmoja na mtoto wa mwaka na nusu amemlaza begani. Akanyosha mkono na ile karatasi ya tembe, zimebaki mbili, akaniambia dada nipe zingine kama hizi, hizi namsagia kwa maji lakini kifua bado. Siku ya nne hiyo. Zile tembe nlimuuzia mimi. Mkono huu.

Nikamwambia mlaze hapa kwenye benchi. Nikafungua vesti. Mtoto alikuwa akivuta pumzi, chini ya mbavu pale panaingia ndani, panabonyea kila pumzi, na matundu ya pua yanapanuka, na halii, mtoto mgonjwa asiyelia. Nikaangalia saa ya ukutani nikahesabu dakika nzima, pumzi 58. Mtoto wa umri ule akifika 40 kwa dakika ashaingia kwenye hatari. Mama yuaniangalia usoni, yuaniuliza, nimsagie mbili mbili?

Nikafunga duka. Tukaingia tuktuk, yeye na mtoto nyuma, mimi na dereva mbele, mpaka hospitali. Nimonia. Wakamtia oksijeni, wakampa dawa ya sindano, akakaa wodini siku sita, na alhamdulillahi akapona, saa hii aenda shule. Lakini zile siku nne! Mama yule hakuwa mzembe, msimseme. Alinunua, alisaga, aliamka usiku akampa. Alifanya kila alichoambiwa, na aliyemwambia ni sisi. Kama tungemwambia hii haitibu kitu, mwangalie kifua, angekuja siku ya pili.

Kwa hivo madhara ya vitamini C ni haya kwanza, kwamba yakutuliza moyo wakati hupaswi kutulia. Hayo mengine ni madogo, ukizidisha gramu mbili kwa siku tumbo laweza kukuharisha, na wenye historia ya mawe ya figo wajiepushe na tembe za nguvu. Na hata usipozidisha, mwili ukishatosheka wachukua kidogo tu na ile ya ziada yatoka kwenye mkojo, hauiweki akiba.

Jifunzeni kuhesabu pumzi, nawaomba sana. Mtoto akiwa ametulia au amelala, inua nguo, weka simu hapo kwa dakika moja, kila tumbo likipanda ni moja. Miezi miwili mpaka chini ya mwaka, ikifika 50, twende hospitali. Mwaka mmoja mpaka mitano, ikifika 40, twende. Kifua kikibonyea, hata kama hujahesabu, twende. Akikataa kunyonya, au akitapika kila kitu, au hazinduki vizuri, twende na usipitie dukani kwangu.

Na homa yenyewe ya mafua twaizuiaje? Yaletwa na virusi zaidi ya aina 200, ndio maana hata chanjo yake hamna, na vyapita kwa mikono zaidi kuliko mnavyodhani. Umeshika chuma cha matatu, umeshika pesa, umejifuta pua, umemlisha mtoto. Sabuni na maji, basi, mara nyingi kwa siku, hata wao watoto wakitoka shule kabla hawajagusa hamri. Anayekohoa akohoe kwenye kiwiko. Na antibayotiki kwa mafua msiniombe, haiui virusi.

Vitamini C yenyewe tuile sokoni. Mtu mzima ahitaji miligramu 75 mwanamke, 90 mwanamume, anayevuta sigara aongeze 35. Pera moja tu la kawaida lapita hapo. Mapera, jamani, yale yanayooza chini ya mti! Chungwa moja karibu 70. Papai, embe, pilipili mbichi, ndimu unayokamulia kachumbari. Ile kachumbari mbichi ni bora kuliko mboga iliyochemka mpaka ikabadilika rangi, manake moto na maji ya kuchemshia yaiondoa. Mabuyu nayo yana, lakini nasema unga wa mbuyu wenyewe, si zile nyekundu za sukari.

Na ile dawa yetu ya tangawizi na ndimu na asali kunyweni, yalainisha koo na maji ya moto yafungua pua, ni nzuri kwa hilo. Ila aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata tone, yaweza kumpa sumu mbaya ya mishipa ya fahamu.

Muda umekwisha na nimeona mzee pale mlangoni amenyosha mkono tangu zamani. Ameuliza, mimi nina kopo zima nyumbani limejaa, nilitupe? Hapana baba, usitupe pesa yako. Angalia tarehe chini ya kopo, kama haijapita kunywa moja kwa siku mpaka ziishe, haitakudhuru. Weka juu ya kabati, wajukuu wasizile kama peremende. Na likiisha usinunue jingine, hiyo pesa mpe mama anayeuza mapera pale kwenye stejini.